Nilimtafuta mdaku kwenye programu yangu, nikajikuta mimi

Machi 2024, ilipotoka habari ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, niliisoma mara tatu. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Nusu sekunde! Mimi programu yangu ikigoma sekunde tatu nalaumu mtandao.

Nikaona nami niichungulie ya kwangu, ya simu, ambayo watu huandikia nani anadaiwa kiasi gani. Nikawasha mitmproxy, programu ya kusoma kinachotumwa na simu, kwenye kompyuta, nikasakinisha kwenye simu ya majaribio cheti chake kinachoiwezesha kufungua mawasiliano yaliyofichwa, nikaielekeza simu ipitie hapo. Kimya. Saa nzima imepotea ndipo nikakumbuka kwamba tangu Android 7 programu haziamini cheti alichoweka mtumiaji mpaka msanidi aruhusu. Nikaruhusu, kwenye toleo la majaribio tu.

Niliyemshuku ni ile maktaba ya kuripoti hitilafu, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, kwa kuwa niliichomeka bila kusoma inachukua nini. Ikatuma aina ya simu, toleo la Android, lugha. Nikakaribia kufunga kompyuta nikalale.

Kisha nikatafuta mdeni wa kubuni, na ombi likapita mbele ya macho yangu kwenda kwenye seva yangu mwenyewe: baada ya alama ya kuuliza, jina lake na namba yake ya simu, vyote ndani ya anwani. HTTPS huvificha njiani, sawa. Lakini vikishafika, Nginx, programu inayopokea maombi kwenye seva yangu, kwa mipangilio yake ya kawaida huandika mstari mzima wa ombi kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu, pamoja na IP (anwani ya mtandao) ya aliyeuliza. Nikafungua logi. Mistari na mistari ya majina ya watu wasiojua hata kama programu hiyo ipo; wao walikopa tu. Na programu ilipoanguka, ile maktaba ilibeba anwani za maombi ya mwisho ikazipeleka kwa waliotengeneza maktaba hiyo. Haikuiba kitu, niliipakia mwenyewe.

Utafutaji nikauhamishia kwenye POST, aina ya ombi ambayo maneno hayakai kwenye anwani, yakaingia ndani ya mwili wa ombi. Kwenye Nginx nikaandika muundo mpya wa logi unaotumia $uri badala ya $request (ule mstari mzima), kwa sababu $uri haibebi kinachofuata alama ya kuuliza. Hilo lilinisaidia hasa kwa wenye matoleo ya zamani, maana wao waliendelea kutuma vilevile na nisingeweza kuwafungia mlango. Maktaba ikawekewa kichujio kinachokata mkia wa anwani kabla ripoti haijatoka, na ripoti za zamani nikazifuta kwenye akaunti yangu. Msimbo wote huo ulikuwa kazi ya jioni moja. Kilichonila siku mbili ni chelezo, yaani nakala za akiba: logi zilikuwa zimenakiliwa humo kila wiki, na ilibidi nifungue furushi moja baada ya jingine, nizitoe, nifunge tena.

Watumiaji niliwaeleza kwa ujumbe ndani ya programu, bila kuzungukazunguka. Walijibu wawili. Mmoja aliomba nimfutie kila kitu, nikamfutia. Wa pili aliuliza skrini nyeusi, ile ya kutumia usiku, inakuja lini.