Ngege wangu na mabuu
Leo asubuhi nimerusha kiganja cha mabuu makavu kwenye tangi langu hapa Kasarani, maji yakachafuka kwa ngege wanaogombania. Nimefurahi kweli.

Chakula cha samaki cha dukani kilikuwa kinanimaliza mfuko. Omena (dagaa) nao ghali, kwa sababu sisi tunawala, kuku wanawala, samaki pia. Ndipo jirani akanionyesha mabuu ya nzi askari mweusi. Si yule nzi wa jikoni. Huyu akishakomaa hata hafuati chakula chetu. Mabuu anayalisha maganda ya viazi na mabaki ya mboga za sokoni, na kwa wiki mbili hivi yamenona, yanajaa kiungo cha kidole.

Yakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini, na kalsiamu ni tele. Ngege anayekua anahitaji chakula chenye protini ya kama asilimia 30. Lakini nawasihi, msiwape mabuu matupu. Yana mafuta mengi, tena yenye omega-3 (yale mafuta mazuri kwa afya) kidogo kuliko ya omena, na ganda lake samaki humeng'enya kwa shida. Mimi nayasaga, nachanganya na pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti na omena kidogo.

Jana nilimshika mmoja: mgongo umejaa, magamba yanang'aa, akanipiga mkia akarudi majini.

Naongeza beseni la pili la mabuu. Mwenye maganda ya viazi huku Kasarani, tafadhali niwekee, nitayafuata mwenyewe.