Kalamu ya nne: Parker 51 kutoka Kibuye

Jumapili. Nimeipata kalamu hii ya zamani ya wino sokoni Kibuye, Kisumu, chini kabisa ya mkebe wa maziwa ya unga uliojaa funguo zisizo na kufuli. Mama mwenye meza alitaka mia tano. Nilikuwa na mia tatu na hamsini, nauli nikiwa nimeiweka kando, na nikamwambia hivyo. Akaitazama kalamu, akanitazama mimi. "Haya, chukua, nyathina," yaani mwanangu. "Utaiandikia nini?" Nikamwambia barua. Akaifunga kwa kipande cha gazeti.

Kofia yake ni ya chuma, klipu ina umbo la mshale, mwili mweusi. Karibu na shingo, ukiielekeza kwenye mwanga, unasoma "Made in England". Parker walizindua 51 huko Marekani mwaka 1941, lakini zile za mwanzo zilijazwa kwa namna nyingine. Hii yangu, ukiufungua mwili, unakuta bomba la chuma lenye ubavu wa kubonyeza, na mfumo huo ulianza mwaka 1948. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Sijali sana mwaka kamili. Nilichojali usiku ule ni mfuko wa wino ulio ndani ya bomba: je, ni mzima? Nilibonyeza, nikasikia pumzi ikitoka kwenye ncha. Mzima! Kalamu nyingi za zamani zina mifuko ya mpira ambayo hukauka na kupasuka. Parker walitumia plastiki laini inayovumilia miongo.

Jumatatu hadi Alhamisi. Kuosha tu. Natumia maji ya betri kutoka petroli stesheni, kwa sababu hayaachi chokaa. (Angalia chupa vizuri: nasema yale maji safi ya kuongezea, si asidi.) Yawe ya uvuguvugu, yasiwe moto. Spiriti usiiguse kabisa, maana mwili wa 51 ni wa akriliki na spiriti huipasua nyufa.

Siku ya kwanza maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Siku ya pili, saa mbili usiku, nikabonyeza na wingu la buluu likashuka polepole kwenye glasi, likajikunja, likagusa chini. Nilikaa nikilitazama mpaka likaenea lote. Ule ulikuwa wino wa mtu. Aliujaza asubuhi fulani akiwa na jambo la kuandika, kisha kalamu ikawekwa isishikwe tena.

Alhamisi maji yakatoka meupe.

Ijumaa. Nimejaza wino wa Quink wa buluu. Unazamisha ncha kwenye kidau, unabonyeza mara nne, na kila ukiachia unangoja kidogo, maana ndani kuna mrija mwembamba unaotoa hewa na mfuko hujaa hatua kwa hatua. Nikaipangusa, nikafungua kauntabuku, nikaandika jina langu.

Ilikwaruza. Mstari ulikatika katikati ya kila herufi, na karatasi ikatoa vinyuzi. Nilijaribu ukurasa mzima, nikaifunika na kwenda kulala na uchungu.

Jumamosi. Nimempelekea Jaduong', mzee anayetengeneza saa karibu na stendi. Kwenye 51 nibu, kile kipande cha kuandikia, yote imefichwa chini ya gamba, inachungulia ncha tu, kwa hiyo kwa macho matupu huoni kitu. Akaweka lenzi yake jichoni, akainyamazia kama dakika mbili. Kisha akanipa lenzi.

Pale mwisho wa nibu ya dhahabu kuna tone dogo la metali ngumu, ndilo linaloteleza kwenye karatasi. Linatakiwa liwe la mviringo. La kalamu hii lina ubapa upande wa kushoto, laini na unaong'aa, kama kizingiti cha mlango kilichokanyagwa miaka na miaka. "Haijaharibika," Jaduong' akasema. "Imezoea mkono wa mtu. Alikuwa anailaza."

Kuna karatasi laini sana za msasa za kusawazishia ubapa kama huo, na wapo wanaojua kuzitumia. Lakini kalamu yangu ya pili nilimpa fundi mmoja mjini akaisugua kwenye jiwe la kunolea visu, tone lote likaisha, ikabaki dhahabu tupu inayochimba karatasi. Hilo halirudi. Na hata ningepata fundi mzuri, hapa sitaki. Ubapa ule umechukua maelfu ya kurasa kutokea. Ni kitu pekee ninachokijua kuhusu mwenye kalamu, na siwezi kukifuta ili mimi nisisumbuke wiki mbili.

Kwa hiyo mkono ndio utakaobadilika.

Wiki ya pili na ya tatu. Kila jioni ukurasa mmoja. Naigeuza kalamu kidogo kuelekea kidole gumba na kuilaza hadi mgongo wake uegemee kwenye bonde kati ya gumba na kidole cha shahada. Ukipata mahali penyewe, sauti inabadilika: mkwaruzo unakwisha, unasikia mlio mwembamba tu, kama kitenge kikivutwa juu ya meza. Ukipotea kwa unywele, mkwaruzo unarudi. Siku za kwanza nilipapata mara tatu nne kwa ukurasa. Sasa napoteza mara tatu nne.

Karatasi pia ina mambo yake. Madaftari mepesi ya shule yanaufyonza wino hadi unaota ndevu na kutokea upande wa pili. Kauntabuku niliyonunua inavumilia, mradi usikae na ncha mahali pamoja.

Jumapili. Nimemwandikia shangazi yangu Kakamega kurasa nne, mbele na nyuma. Herufi zangu zimelala kulia kuliko zamani, na mkia wa "g" umekuwa mrefu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Shangazi anaujua mwandiko wangu tangu darasa la tatu. Nimemwandikia chini, baada ya salamu, kwamba ni mimi kweli, ila kalamu ina mazoea yake.

Ijumaa naipeleka posta. Nikitoka hapo nitapitia Kibuye nimwonyeshe yule mama bahasha.