Kanisa la Peramiho na kibanda cha Maposeni

Leo ni 27 Februari, na Songea imejaa wageni wa kumbukumbu ya Majimaji. Mawazo yangu yako Peramiho, kwenye kanisa la kwanza la misheni, ambalo hakuna aliye hai aliyeliona.

Wabenediktini walifika pale 1898, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss. Septemba 1905, vita ilipoingia Ungoni, misheni ikachomwa moto. Spiss, wakati huo akiwa askofu, alikuwa ameshauawa mwezi uliotangulia njiani kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hayo tulifundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara.

Bibi mzaa mama alianzia mbali zaidi. Jioni, tukipukuchua mahindi, yeye alianza na kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, yaani chifu wa Wangoni, kule Maposeni. Kabla ya vita, padre mmoja wa misheni alikitia moto akiona ni upagani. Kwa Wangoni, mahoka ni wazee waliotangulia. Hapo ndipo nkosi alipowapelekea shida za watu wake. Bibi akifika hapo mikono ilisimama, gunzi limebaki kiganjani, punje zimeacha kudondoka kwenye ungo. Halafu aliendelea na kanisa. Hakuwahi kusema kuwa moto mmoja ulihalalisha mwingine, na rozari yake hakuikosa usiku hata mmoja. Alitaka tu tujue ulioanza.

Mputa alinyongwa hapa Songea tarehe kama ya leo, 1906, pamoja na makumi ya wenzake, wakazikwa kaburi moja. Kabla ya kunyongwa alibatizwa. Hapo huwa nakwama. Mtu aliyechomewa mahali pa wazee wake anapokea maji ya ubatizo kitanzi kikimsubiri. Alikuwa na nini moyoni? Namwombea kama ninavyomwombea Askofu Spiss.

Wamisionari walirudi, wakajenga upya, na kanisa kubwa la abasia tunalosali sasa likakamilika miaka ya 1940. Wazazi wangu walifungia ndoa humo, nami nalipenda kwa dhati. Ndiyo maana naumia kila historia ya misheni inaposomwa kuanzia moto wa 1905.

Nimemwomba katekista wa kigango chetu niwasimulie watoto wa komunyo ya kwanza habari hii, kuanzia Maposeni. Amekubali. Tutaanza Jumapili baada ya misa.