Nilivyovuta gesi ya mtungi hadi jiko la kuchomea nyama uani

Hapa Dodoma gesi ya kupikia ni ya mtungi. Gesi asilia inayotoka Madimba, Mtwara, kwa bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 inakwenda Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa mtaa wa Kisasa kama mimi akitaka kuchoma mbuzi uani bila mkaa, ajipange na mtungi. Wageni wangu wengi huniuliza bomba langu la uani ni la inchi ngapi. Nikisema robo tatu tu, bado sijawasaidia, maana nyumba zao si yangu.

Hesabu inaanzia kwenye kile kibati kilichobandikwa nyuma ya jiko. Changu kimeandikwa LPG, yaani gesi ya mtungi, presha ya milibari 30, nguvu ya kilowati 14. Soma kibati hicho kabla hujatoa hela. Jiko lililotengenezwa kwa gesi asilia lina nozeli, yaani ncha zinazopuliza gesi, zenye tundu kubwa zaidi, kwa sababu ujazo uleule wa gesi ya mtungi una joto zaidi ya mara mbili. Ukiliunganisha na mtungi bila kubadilisha nozeli, moto utapanda mrefu wa njano, masizi yatajaa kwenye nyama, na kwa kweli ni hatari.

Nilitaka mitungi ileile ilishe na jiko la ndani, ambalo ni kilowati 9. Jumla 23. Kilo moja ya gesi inatoa karibu kilowati-saa 13, kwa hiyo mioto yote ikiwaka kwa nguvu nitatumia kama kilo 1.8 kwa saa. Namba hii ndogo iliamua mambo mengi. Regulata niliyokuwa nayo jikoni imegongwa kilo 1.5 kwa saa, haitoshi, nikanunua ya kilo 4. Mtungi mmoja wa kilo 15 nao ungetoa jasho hadi kuota barafu, kwa sababu gesi ikichotwa haraka mtungi hupoa na presha hushuka. Nikaweka mitungi miwili ya kilo 38 iliyounganishwa pamoja.

Kutoka kwenye mitungi hadi jiko la uani ni mita 20. Kila kona inahesabika kama zaidi ya nusu mita ya bomba lililonyooka, na mimi nilikuwa na elbo sita, kwa hiyo nikahesabu mita 24. Fundi wangu, kijana makini sana, aliniambia, "Mama, nusu inchi inatosha." Alikuwa sahihi. Kwa umbali huo, ukikubali presha ipungue milibari moja na kidogo, bomba la chuma la nusu inchi linapitisha gesi ya mtungi ya kilowati 27 hivi. Lakini bomba hilohilo likipitisha gesi asilia haliwezi kuvuka kilowati 16 au 17, wakati la robo tatu linafika 34. Mimi bomba ninalolifukia leo sitaki kulifukua siku gesi asilia ikifika mtaani kwetu, nikaongeza hela. Nozeli na regulata zitabadilishwa, bomba litabaki palepale.

Mtaro ulichimbwa nusu mita kwenda chini, bomba likazungushiwa tepu ya kuzuia kutu na kulazwa kwenye mchanga. Halipiti chini ya sakafu ya nyumba hata kidogo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa chini na kutuama kwenye shimo lolote. Ndiyo maana nilikataa kabisa kibanda cha mitungi kisogezwe karibu na chemba ya maji machafu, ingawa pale ndipo palipokuwa na kivuli. Kimejengwa kwa wavu, wazi hadi chini. Koki ya uani iko pembeni ya jiko, mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita juu ya moto. Upande unakotoka upepo, ambao mwezi wa saba na wa nane hauna huruma hapa, tulijenga ukuta mfupi wa tofali, pande nyingine tukaziacha wazi.

Kupima ndiko kulikonipa raha. Kabla ya kuunganisha regulata wala majiko, bomba lilijazwa upepo na kufungwa geji. Tulifanya hivyo jioni jua likishazama, kwa sababu kipande cha bomba kilicho juu ya ardhi kikipigwa na jua hewa inatanuka na sindano inapanda, nawe huwezi kujua kama kuna uvujaji uliofichwa na joto. Sindano haikutikisika. Hata hivyo tulipaka povu la sabuni kila kiungo, na baada ya kufungulia gesi tukapaka tena, maana viungo vya mitungi na mipira havikuwamo kwenye kipimo cha kwanza. Kwenye unioni moja ya mtungi vilitokea viputo vidogo kama mayai ya samaki. Fundi akafunga mtungi, akakaza kwa spana, tukapaka upya hadi povu likatulia.

Halafu nikamwomba mpira wa levo, ule mweupe wa maji wanaotumia mafundi ujenzi. Tuliukunja umbo la U, tukautia maji, ncha moja ikaunganishwa mwishoni mwa bomba karibu na jiko. Milibari 30 ni sawa na maji kupishana karibu sentimita 30, kwa hiyo futi kamba inatosha kusoma. Moto ukiwa umezimwa kote, maji yalipishana sentimita 33. Tukawasha kila kitu, ndani na nje: 30. Binti yangu akapaza sauti kutoka jikoni kwamba moto wake haujashuka.

Kila mtungi unapobadilishwa, kopo la sabuni linatoka kwanza kabla ya kiberiti.