Siku tatu Xi'an, nikimtafuta Hasan

Mara sita nilikwenda Guangzhou kununua vitambaa vya pazia, na mara zote sita China niliyoiona ni soko la Zhongda, ghala la wakala wa mizigo na chumba cha kulala. Nikirudi Mombasa watu huniuliza China ikoje, nami sina jibu ila bei ya jora. Safari ya saba nikatenga siku za ziada.

Mimi mzaliwa wa Malindi. Habari ya twiga wa kwetu aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415 nimekua nayo, na jina la Zheng He, Mwislamu wa Yunnan aliyeongoza merikebu za mfalme huyo, tunalijua. Ukubwani ndipo nilipopata jambo jingine: mwaka 1413, kabla ya safari yake ya nne, Zheng He alikwenda Xi'an, mji wa bara kabisa, kutafuta mkalimani. Akampata Hasan, mkuu wa msikiti. Habari hiyo imechongwa kwenye jiwe la mwaka 1523, katika msikiti wa kichochoro cha Daxuexi. Nilitaka kusimama mbele ya jiwe hilo.

Tiketi ya treni hukatwa kwa pasipoti, na jina liandikwe kama lilivyo humo, herufi kwa herufi. La kunitia wasiwasi lilikuwa malipo. Kule karibu kila kitu hulipwa kwa simu, hata kikombe cha chai, na kadi yangu ilikataa kuingia kwenye Alipay, programu ya kulipia kwa simu, mpaka nilipopiga simu nyumbani, benki wakaifungua kwa matumizi ya nje. Anayetaka kwenda na alimalize hilo kabla hajapanda ndege. Ramani niliyoizoea nayo haikufunguka, basi nikaomba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, nikaiweka mkobani. Kadi ile ilinirudisha chumbani kila usiku.

Treni ya mwendo kasi ilichukua karibu saa nane. Siku ya kwanza nilikwenda kuwaona askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China, wale waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974. Ni kweli kila mmoja ana uso wake. Lakini umati ulikuwa wa kusukumana, na moyo wangu ulikuwa mjini.

Asubuhi iliyofuata niliingia Msikiti Mkuu. Wageni hulipa kiingilio, Mwislamu halipi. Nilitoa salamu mlangoni, mzee aliyekaa pale akaitika, akanipisha. Usitarajie kuba. Ni ua baada ya ua, tano kwa jumla, miti, malango ya mbao, mapaa yaliyopinda ncha, na mnara ambao mgeni angeudhania banda la kupumzikia. Majengo haya yalianza kusimamishwa mwaka 1392. Kilichonishangaza zaidi ni mwelekeo. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, hata neno lenyewe tunalitumia kwa maana hiyo. Kule kibla ni magharibi, na msikiti mzima umelala kuelekea huko, hivyo kila ua unaouvuka unakusogeza upande wa Makka. Ndani, kuta za mbao zimechongwa Kurani.

Chakula hakikunisumbua. Nilijifunza neno moja, qingzhen, yaani halali, nikahifadhi maandishi yake kwenye simu, nikawa nalinganisha na vibao vya milangoni. Mtaa wa Waislamu umejaa vibao hivyo. Niliagiza yangrou paomo: unaletewa mkate mgumu wa mviringo, unaumega mwenyewe ndani ya bakuli, kisha wanaumwagia mchuzi wa kondoo. Niliukumbuka mkate wa mofa wa bibi yangu. Nilimega vipande vikubwa. Mama wa meza ya pili akatikisa kichwa, akavuta bakuli langu, akanionyesha kwa vidole vyake: vidogo, kama punje za mahindi. Tulimega pamoja, kimya. Kama kuna chakula kimoja cha kula Xi'an, kiwe hicho, na usiwe na haraka.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikaenda Daxuexi. Ni msikiti mdogo kuliko ule, hauna foleni. Nilikuwa nimeandikiwa hotelini karatasi yenye majina mawili kwa Kichina: Zheng He na Hasan. Mzee wa pale aliisoma, akaniangalia, akaniashiria nimfuate. Jiwe ni refu, herufi zimejipanga wima, nyingine zimefifia. Alitafuta polepole, kidole kikishuka na mstari, mpaka kikatua. "Hasan," akasema.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya twiga, halafu maandishi niliyoyanakili kutoka kwenye habari za enzi ya Ming, ukoo wa yule mfalme aliyepelekewa twiga, jina walilokuwa wakiuita mji wangu. Akaisogeza simu machoni, akasoma kwa sauti: "Malin." Nikajigusa kifuani. Akarudia, mara hii akinielekezea mimi: "Malin." Kisha akanivutia kiti kivulini, akaenda kuleta chai.