Wati mia moja za Mzee

Jumapili usiku

Leo kwenye mazoezi mwimbaji wetu alisikika neno kwa neno, na ampu iliyombeba ina wati 100 tu. Jumamosi iliyopita, kwenye harusi kule Ruiru, tulikodi mtambo wa maelfu ya wati, spika zimepandana hadi zinagusa turubai, na wakati wa chakula shangazi mmoja wa bibi harusi akatujia kuuliza kama tunaimba Kiswahili au Kilingala. Tulikuwa tumeimba Kiswahili tangu tuanze.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu nitoke mazoezini Jericho. Stima zimerudi, simu ina chaji, basi wacha niliandike.

Ampu yenyewe ni Shure Vocal Master, chombo cha Kimarekani cha mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni kichwa kimoja chenye njia 6 za maiki, vifundo vya kuzungusha, na springi ndani yake za kutengeneza mwangwi. (Ukikipiga kofi kikiwa kimewaka, springi hizo zinatoa radi kabisa. Mpiga dramu wetu aligundua hilo mapema na amekataa kuacha.) Kila upande inasimama spika ndefu, nyembamba kama kabati lililokonda. Ni vyombo vya mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee tu. Alipiga ridhimu kwenye bendi za vilabu vya Nairobi enzi za Starlight na Garden Square, kisha akaweka gitaa chini akabaki na vyombo, akivikodisha kwa makanisa na matanga hadi watu walipoanza kutaka spika zenye taa.

Vilikaa miaka chini ya magunia, na vilipowashwa tena vilinguruma tu. Fundi wake, mwenye kibanda upande wa barabara ya Luthuli mjini, hata hakushtuka. Ndani ya ampu za zamani kuna kapasita kubwa zenye majimaji, na kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme unaotoka kwenye transfoma. Majimaji hayo hukauka kadiri miaka inavyokwenda, hata chombo kikiwa kimelala. Yakishakauka, mtetemo wa stima unapenya hadi kwenye spika, nawe unasikia mngurumo mzito ambao hauondoki hata ukifunga sauti yote. Fundi aliweka kapasita mpya, akapuliza dawa kwenye vifundo vilivyokuwa vinakwaruza, akapima spika moja baada ya nyingine. Ikawa ni hivyo tu. Ampu inataka volti 120 na ukutani kwetu kuna 240, kwa hiyo inatembea na transfoma yake ya kuteremsha stima, ambayo hakuna kijana wa bendi anayejitolea kuibeba.

Nilimuuliza fundi kuhusu spika yetu ya kisasa, ile yenye ampu ndani yake, iliyonyamaza mwezi uliopita. Aliifungua, akaangalia ule ubao wenye vipande vidogo kuliko punje za mtama, akaufunika tena. Akasema nitafute ubao mwingine mzima. Sidhani ni uvivu. Kwenye chombo cha Mzee unaona waya unatoka hapa unaingia pale. Kidole kinaweza kufuata sauti kutoka kwenye tundu la maiki hadi nyuma kwenye spika. Nasema kidole kwa maneno tu. Kapasita hubaki na umeme hata ukishachomoa plagi, na kwenye ampu za valvu, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, huwa ni volti mia kadhaa. Usifungue kwa sababu umesoma hapa.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya kapasita. Nataka kuandika juu ya besi yangu.

Tulianza wimbo wa kwanza na Mzee ameketi kwenye kreti ya soda karibu na mlango. Hakukuwa na miksa, wala spika za kutugeukia sisi jukwaani. Mwimbaji na waitikiaji wawili ndio waliopita kwenye ampu yake. Magitaa yalikuwa kwenye vijiampu vyetu, dramu bila maiki yoyote. Kabla hata hatujafika kwenye kiitikio, Mzee akanyanyua mkono.

“Kijana wa besi, unamla mwimbaji.”

Nikapunguza. Akanyanyua tena.

“Si sauti. Vidole. Unapiga pale anapotamka. Mngoje amalize.”

Nikamngoja. Mwenye solo naye akaambiwa asishuke hadi mwimbaji avute pumzi, na mwenye ridhimu akaambiwa akae juu kwenye shingo ya gitaa na asihame. Mpiga dramu alipewa macho tu, ikatosha. Tulipourudia, ule chumba ukafunguka. Nilikuwa nayasikia maneno ambayo nimeyapigia besi miaka na sikuwahi kuyafuata.

Sasa hesabu yangu ni hii. Ukisikiliza zilizopendwa kwa makini, kila mtu ana chumba chake: besi inaacha mapengo makubwa, ridhimu inazunguka mahali pamoja, solo inajibu na haimkatizi mtu. Siku zote tunasema ule ulikuwa ustaarabu wa wanamuziki wa enzi zile, na ulikuwepo. Lakini nadhani vyombo navyo vilikuwa vikiwashika mkono. Ukiwa na wati 100 za kuimbia na ukumbi umejaa watu wanaocheza, huna njia ya kumwinua mwimbaji juu ya fujo. Njia pekee ni fujo ishuke. Bendi inajipanga yenyewe kabla ya sauti kufika kwenye maiki. Leo tunapanga baadaye, kwa kidole cha kijana wa miksa, naye mara nyingi yuko kwenye simu yake.

Tena kuongeza wati hakusaidii kama tunavyodhani. Ukitoka wati 100 hadi 200 umeongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio inaitambua lakini haistuki. Ili mtu aseme kweli sauti imekuwa kubwa mara mbili, inabidi uzidishe nguvu karibu mara 10. Besi inazimeza wati hizo kwanza, na sauti zinazobeba konsonanti, zile zinazomfanya shangazi ajue ni Kiswahili, zinabaki pale pale zilipokuwa, zimefunikwa.

Zile spika ndefu nazo zina akili yake. Kwa kuwa ndani ya kila safu kuna spika ndogo zilizopangwa moja juu ya nyingine, sauti zao zinajumlishana kwenda mbele na kutawanyika pande zote mbili, lakini juu na chini zinafutana. Kwa hiyo nguvu haipotei kwenye mabati ya paa. Inakwenda kwenye masikio. Mitambo mikubwa inayoning'inizwa kwenye matamasha siku hizi imejengwa juu ya wazo hilo hilo, ila kwa umakini zaidi.

Nisije nikaonekana naabudu vya kale. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga uwanja wa Shea kule New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na ampu za Vox za wati 100, na kwa zile kelele hata wenyewe walishindwa kujisikia. Hapo ustaarabu wa besi usingewaokoa. Walihitaji kitu ambacho kilikuwa bado hakijatengenezwa. Kufika 1974, bendi ya Grateful Dead ilikuwa imesimamisha ukuta mzima wa spika nyuma ya wanamuziki, ili wao na watazamaji wasikie kitu kimoja. Spika zikiwa nyuma ya mwimbaji maiki ingelia, ndiyo maana kila mmoja alipewa maiki mbili zilizounganishwa kinyume: kelele iliyoingia kwenye zote mbili ikajifuta, sauti ya aliyeimba kwenye moja ikabaki. Nilipomweleza Mzee habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza ukuta huo ulibebwa na nani.

Swali lake si la utani. Katika bendi za mji huu, vyombo vilikuwa ndiyo bendi. Wengi wa waliopiga hawakumiliki hata gitaa walilopiga. Vilikuwa vya mwenye klabu au mwenye bendi, na ukikosana naye unatoka na nguo zako. Bendi ya Mangelepa walipojitenga na kiongozi wao Baba Gaston mwaka 1976, na Les Wanyika walipotoka bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, sisi mashabiki tunakumbuka nyimbo zilizofuata. Mtu wa umri wa Mzee anaposikia bendi imegawanyika, anauliza kwanza ampu zilibaki kwa nani. Maroon Commandos walikuwa na bahati ya aina yake: bendi ya jeshi, vyombo vya jeshi.

Kuna vitu vya zamani ambavyo sivitamani hata kidogo. Mashine za mwangwi za utepe, kama Copicat ya 1958 au Space Echo ya Roland ya 1974, zina sauti tamu, lakini utepe unachakaa, unanyooka, unakatika katikati ya wimbo. Pedali ndogo inanitosha. Maiki, kwa upande mwingine, hatujaenda mbali: SM58 ya Shure ilitoka mwaka 1966 na bado ndiyo tunayokodishiwa kila wikendi, sanasana ile ya bandia.

Tumepata kazi ya Jumamosi ijayo, ukumbi mdogo wa ndani huko South B. Mwenye solo anataka mtambo mkubwa, anasema watu hulipia wanachokiona. Mimi na mwimbaji tunataka safu za Mzee. Nilimpigia jioni kuuliza kama anaweza kutuuzia, hata kwa kulipa polepole.

“Siuzi. Nakodisha, na mimi nakuja nazo.”

Bei aliyotaja ni nafuu kuliko tuliyolipa Ruiru, lakini ina masharti: transfoma haibebwi na mpiga dramu, hakuna mtu wa kugusa vifundo vya ampu isipokuwa yeye, na kiti chake kinawekwa upande wa besi. Mwenye solo bado hajajibu kwenye grupu ya bendi.