Pac-12 na hesabu ya kuongeza vyuo

Wapenzi wa michezo ya vyuo Marekani, iangalieni Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi mwa nchi hiyo, kwa makini. Kufikia Agosti 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimehama, vikabaki Oregon State na Washington State. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka ligi ya daraja la juu la futiboli ya Kimarekani iwe na wanachama 8 wanaoucheza mchezo huo. Idadi ikishuka, kuna miaka 2 ya kuijaza.

Septemba 2024 wakapatikana Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Jumla 7. Gonzaga ikafuata, moto wa kuotea mbali kwenye kikapu, ila haina futiboli, hivyo haikuingia kwenye ile 8. Pengo lilizibwa na Texas State, Juni 2025.

Fedha za televisheni ndizo zinazotangulia. Mgeni asipoleta angalau kiasi cha mgawo atakaopewa, wenyeji wanapunjika. Ndiyo maana chuo cha SMU, ili kiingie ligi nyingine, ACC, kilikubali miaka 9 bila mgawo wa matangazo ya ligi. Ada ya kujitoa kwenye ligi ya zamani nayo ihesabiwe mapema.

Linalopuuzwa, na linaniuma, ni safari. Vyuo vya Stanford na California viko pwani ya Pasifiki lakini vinacheza ACC, ligi ya upande wa Atlantiki. Futiboli husafiri mara chache kwa msimu. Wavoliboli husafiri mara nyingi zaidi, na vipindi vya darasani haviwasubiri. Ratiba yao ipangwe kabla ya kura ya kupokea chuo kipya kupigwa.